Kidonge Kizima

Mwezi wa tatu wa mwaka 1993 tulipoteza nyumba yetu ya kambi ya kampuni ya mgodi, hapo Kolwezi, na kabla treni haijatufikisha Kasai tulimpoteza rafiki wa mume wangu, mtu aliyekula mezani kwetu kila Jumapili. Mume wangu mwenyewe aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sasa naye hayupo. Nilitaka kuandika juu yake, lakini kila ninapoanza najikuta kwenye vidonge vyake. Asubuhi na jioni, kwa miaka yote ile, tulikutana hapo: yeye, mimi, kikombe cha maji na kidonge.

Mimi nilisoma shule ya msingi tu, kwetu Lubudi. Nitaeleza nilivyoona.

Mume wangu alichunga pampu zinazotoa maji katika shimo la mgodi. Baba yake alitoka Kasai kuja kutafuta kazi, yeye akazaliwa Kolwezi, akakulia Kolwezi, akanioa Kolwezi. Mungu hakutujalia mtoto. Siku moja ya baridi, akipanda kutoka shimoni, alishikwa na maumivu ya kifua. Alisema ilikuwa kama mtu amemkandamiza kwa goti hapo katikati, halafu uzito ukaenda mpaka mkono wa kushoto. Alisimama, ukapungua. Alipopanda tena, ukarudi. Daktari wa hospitali ya kampuni alimpima, akasema presha yake iko juu na mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba.

Alirudi nyumbani kama mtu aliyepewa habari za mashine.

"Mama, ni mambo ya bomba tu," aliniambia. "Bomba ikiwa nyembamba na presha mingi, pampu inachoka. Hii dawa inalegeza bomba."

Dawa yenyewe iliitwa nifedipini, ile aina inayoyeyuka polepole tumboni. Muuguzi alitueleza wote wawili, maana mume wangu aliomba niwepo. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, saa zile zile. Kimezwe kizima, kwa maji. Kisitafunwe, kisisagwe. Kikae ndani ya karatasi yake ya fedha, mbali na jua, mpaka saa ya kukimeza. Siku za kwanza kichwa kitauma na uso utapata joto. Akitaka kusimama, akae kwanza. Na asiache kwa mawazo yake mwenyewe, hata akijisikia mzima, maana presha na maumivu vinaweza kurudi kwa nguvu.

Hiyo ya kukaa kwanza niliipenda. Kabla ya dawa, aliamka na kuondoka kama anafukuzwa na king'ora cha zamu. Baada ya dawa, alikaa pembeni ya kitanda, miguu chini, mikono juu ya magoti, akingoja kichwa kitulie. Nami nilikaa kando yake. Tulikuwa tumeoana muda mrefu, lakini sikuwahi kukaa naye hivyo asubuhi, bila neno na bila haraka.

Miguu yake ilianza kuvimba kwenye vifundo. Nilibonyeza kwa kidole gumba, alama ikabaki. Tulirudi hospitali, daktari akasema ni dawa inafanya hivyo kwa watu wengine, akampima moyo, akamwambia aendelee na ainue miguu akikaa. Basi jioni aliweka miguu juu ya kreti tupu ya bia, barazani, na wapita njia wakamsalimu kama chifu.

Rafiki yake alicheka sana juu ya kreti hiyo. Walifanya zamu moja ya pampu tangu ujana. Alikuwa mjane, mwembamba, mdomo hauchoki. Mume wangu alipopata uso mwekundu siku zile za kwanza, rafiki alimwambia aache kusingizia dawa, lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, yote ina harufu. Halafu mwaka uliofuata naye akashikwa na presha, daktari yule yule akampa vidonge vile vile, na barazani kwetu ikabidi kuweka kreti ya pili.

Nieleze desturi yao moja. Zamu ya pampu ni ndefu, na watu wawili hula mkate mmoja. Anayekata mkate hachagui. Anakata, anafungua mikono, mwenzake anachukua kwanza. Hivyo hakuna anayelalamika kwamba nusu yake ni ndogo. Walifanya hivyo kwa mkate, kwa muhogo, kwa samaki. Hata mezani kwangu, nikiwapa kipande kikubwa cha nyama, kisu kilitoka na desturi ikafuatwa, nami nikawaambia kwamba hapa si shimoni.

Halafu vijana wenyeji wa mkoa, waliochochewa na wanasiasa, walikuja kambini. Sitaandika yote. Walisema Wakasai warudi kwao. Mume wangu walimwita mdudu, mbele ya baraza lake. Mimi waliniambia kwa upole, "Weye mama ubaki, weye ni wa kwetu." Nilichukua sufuria, blanketi mbili, mbabula ya makaa, na vidonge. Hospitali ilikuwa inaishiwa dawa kwa muda mrefu, na muuguzi alikuwa ametuwekea akiba. Nilivifunga ndani ya kitambaa cha kichwa, nikavaa kingine juu.

Stesheni ilijaa watu. Walilala kwenye jukwaa, chini ya mabehewa, ndani ya turubai. Wote walingoja treni ya kwenda Kasai, na hakuna aliyejua itafika lini. Rafiki alitukuta hapo. Nyumba yake ilivunjwa akiwa kazini. Hakuokoa hata shati la pili. Vidonge vyake vilibaki kwenye rafu.

Hata hapo alitafuta cha kuchekesha. "Banatuambia turudi kwetu," alisema. "Mi Kasai niliionaka ku karte ya masomo tu, ile ramani ya ukutani. Nikifika, nitauliza njia ya kwetu kwa nani?"

Pale stesheni hakuna aliyekula peke yake. Mbabula yangu ilikuwa ya watu wengi. Aliyepata unga alileta unga, aliyepata majani ya muhogo alileta sombe, na bukari, ugali wetu, iligawanywa kwa wote waliozunguka moto. Kula huku jirani anakutazama kulikuwa jambo ambalo watu wazima hawakuliweza. Mimi kila asubuhi nilimwachia mume wangu kidonge chake, nikaenda kupanga foleni ya maji, na foleni ilikuwa ndefu. Kwa hiyo sikuona walichokuwa wakifanya nikiwa mbali.

Asubuhi moja nilirudi na bido, dumu langu la maji, nikamkuta mume wangu ameanguka karibu na reli. Uso ulikuwa mwekundu na wa moto, moyo ulikimbia, nikausikia kwa kiganja. Alisema alisimama tu, dunia ikaondoka. Rafiki alikuwa amemshika kichwa, na yeye mwenyewe uso ulikuwa wa moto vilevile. Kando yao, juu ya karatasi ya fedha, ulikuwepo wembe.

Walikuwa wakikata. Kila kidonge nilichomwachia, nusu kwa nusu. Mume wangu alikata, akafungua kiganja, rafiki akachagua.

Kulikuwa na mtawa mmoja muuguzi, tuliyemwita Masera, aliyekuja stesheni kila siku na maji safi na dawa kidogo. Nilimkimbilia. Alimlaza mume wangu, akainua miguu yake, akampima presha. Ilikuwa chini sana. Alikaa naye mpaka ikapanda. Ndipo akaangalia wembe na karatasi ya fedha, na akakasirika, lakini kwa sauti ndogo.

Alieleza kwamba kidonge hicho kimetengenezwa kiachie dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukikikata, dawa inamwagika kwa mara moja. Presha inaanguka, moyo unakimbia kuifuata, na moyo wenye maumivu haupaswi kukimbizwa. Halafu kabla ya jioni dawa imekwisha, presha inapanda tena. Nilimwona mume wangu akifunga macho. Ni mtu aliyekuwa akiwagombeza vijana wa zamu kwa kufungua vali kwa mara moja.

Masera hakuwa na vidonge vya aina ile. Alimwambia rafiki aje naye zahanati ya misioni, apimwe, apewe dawa nyingine inayomfaa, maana hata kuacha ghafla ni hatari. Rafiki alisema ndiyo, atakuja. Lakini misioni ilikuwa ng'ambo ya mji, na katika mji walikuwepo wale vijana, na treni ingeweza kuja akiwa hayupo. Aliahidi kesho. Kesho yake akaahidi kesho.

Mume wangu alikataa kumeza.

Nilimsihi. Alinijibu kwamba hawezi kuweka dawa mdomoni huku mwenzake anaangalia. Nikamwambia hii si bukari. Akasema anajua. Saa ya jioni ilifika, kidonge kikawa mkononi mwangu, na mwanamume yule akageuza uso kama mtoto. Niseme ukweli: nilikuwa nataka vidonge vyote viwe vyake. Sikuwa na huruma ya kugawa. Nilimpenda rafiki yake, lakini nilikuwa nimelala kando ya moyo mmoja tu.

Alasiri iliyofuata rafiki alipotea. Alirudi kabla ya giza, anatembea kwa maringo, na karatasi iliyokunjwa mkononi. Aliifungua mbele yetu. Ilikuwa na vidonge vyeupe.

"Bwifi," aliniambia, ndivyo alivyoniita siku zote, shemeji yake, "sasa umuambie bwana yako akule dawa yake. Mi iko na ya kwangu. Masera amenipima mpaka mukono umechoka."

Mume wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. Walimeza pamoja, kila mtu chake, kikombe kimoja. Ikawa hivyo asubuhi na jioni. Kizima, kwa maji. Mume wangu alikaa kwanza kabla ya kusimama, nami kando yake juu ya bido za watu, na uso wake ukapoa, na maumivu yakatulia.

Treni ilikuja. Mabehewa yalikuwa ya mizigo, na tulipanda kwa kusukumwa. Ndani tulikaa magoti yakigusana. Nilitenga maji ya kumezea, sikuruhusu mtu ayaguse, na watu walielewa, maana kila mtu alikuwa na kitu chake cha kulinda.

Lubudi treni ilisimama kwa muda mrefu. Ni kwetu. Kutoka mlangoni niliona barabara inayokwenda kwa kaka yangu. Mume wangu aliniangalia, halafu akaangalia sakafu. Hakuniomba kitu. Nilishuka, nikatembea kidogo, nikapata viazi vitamu vilivyochemshwa kwa mama mmoja, nikarudi kupanda. Alisogea kunipa nafasi, akaniwekea blanketi nyuma ya mgongo.

Baada ya Lubudi rafiki alianza kushika kifua. Alitoka jasho, na joto la behewa halikutosha kueleza jasho lile. Mume wangu alimuuliza kama amemeza dawa yake, akaitikia kwa kichwa. Alikaa ameegemea bega la mume wangu. Aliongea kidogo juu ya pampu namba tatu, kwamba yule kijana aliyeachiwa ataiharibu. Kisha hakuongea tena. Wanawake walipoanza kulia, mume wangu alikuwa bado anamshikilia bega asianguke.

Stesheni ya Kamina walitushushia maiti zilizokuwemo. Tulimzika pamoja na wengine, karibu na reli, na mchungaji aliyekuwa safarini aliomba kwa haraka kwa sababu treni ilipiga honi. Mimi ndiye niliyetoa vitu mfukoni mwake kabla ya kumfunika. Ile karatasi ilikuwepo. Niliifungua. Vilikuwa vidonge vya aspirini, vile vile ambavyo Masera aligawa stesheni kwa kila mtu aliyelalamika kichwa. Mimi mwenyewe nilikuwa navyo viwili kwenye mkoba. Hakwenda misioni. Hakupimwa.

Nilimwonyesha mume wangu. Sikuweza kumficha. Sijui kama dawa ya kweli ingemwokoa mtu yule. Safari ile iliua hata wasio na ugonjwa. Sitasema nisichokijua.

Jioni hiyo mume wangu hakumeza. Asubuhi hakumeza. Alikaa ameshika ile karatasi, na alipoinuka kunipisha nilimwona anaweka kiganja kifuani, hapo katikati, pale pa goti.

"Alinidanganya," alisema.

"Alikudanganya."

"Mama, mi siwezi."

Watu walikuwa karibu, nikaongea chini. "Lubudi nilishuka, nikarudi. Sikurudi juu ya kuzika mutu wa pili."

Treni ilikwenda kwa muda mrefu, polepole, na jua lilikuwa linaingia kwa upande mwingine wa behewa. Kisha alinyoosha mkono. Nilitoa dawa katika kitambaa, nikavunja karatasi ya fedha. Aliuliza kama ameze viwili, kwa kuwa amepitwa. Nikamwambia kimoja, zile saa zilizopita zimepita. Alikiweka mdomoni, nikamshikia kikombe kwa sababu behewa lilitikisika, akameza. Akarudisha kikombe. Maji yalibaki kidogo chini, akanionyesha ninywe, nikayanywa.