Nilivyokwenda Posa na Meno ya Muda

Mimi ni mkali, na sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kutubu. Nina duka dogo la vitenge hapa Mtanda, na mteja akishanifumulia mafungu yote akaondoka bila kununua, ataambiwa ukweli wake kabla hajafika mlangoni. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulimponza mwanangu. Alipompenda binti wa Kilangala, tukapeleka watu, jibu lililorudi halikuwa ndiyo wala hapana. Bibi yake binti, ambaye ndiye aliyemlea, alisema kijana hana kasoro, ila mama yake wanasikia ana ulimi. Kabla ya kutoa neno, alitaka anione kwa macho yake.

Kwa kawaida mama wa mume hujificha nyuma ya wengine kwenye mambo ya posa. Mimi niliitwa mbele, kama mbuzi anayekaguliwa meno. Na meno yenyewe sikuwa nayo. Miezi michache nyuma niliteleza sokoni, kwenye sakafu ya wauza samaki, nikapoteza mawili ya mbele ya juu. Sikutaka kwenda kuonwa na pengo. Nilikuwa nimeshaanza kutengenezewa daraja la meno, lakini daktari alisafiri, na alipanga kuniwekea la muda asubuhi ya siku ileile ya safari. Nikasema afadhali hivyo kuliko kwenda na shimo.

Daktari wangu ni kijana mpole, anaongea huku anafanya kazi. Safari ya kwanza alikuwa amechukua umbo la meno yangu, akatengeneza sanamu yake kwa plasta, akaziba pengo kwa nta, kisha akapata kalibu ya kumiminia. Siku ya posa alinichoma ganzi, akayasaga meno yaliyopakana na pengo, moja kila upande, mpaka yakabaki visiki. Hivyo ndivyo vitakavyobeba daraja. Akachanganya unga wa rangi ya jino na dawa ya maji, na chumba chote kikanuka kama saluni wanakobandika kucha.

"Hili ni la muda tu, mama," alisema, "mpaka la kudumu litoke maabara Dar. Nitalisindilia likiwa laini. Likianza kukaza litapata moto, nami nitalitoa na kulirudisha, nitalitoa na kulirudisha, lisije likang'ang'ania."

Akalisindilia. Nikalisikia linaanza kupata joto. Ndipo umeme ukakatika.

Chumba kile hakina dirisha la maana. Daktari alisema "subiri kidogo", nikasikia anapapasa meza akitafuta simu awashe tochi, kitu kikaanguka, akainama kukitafuta. Moto ukazidi mdomoni. Mimi nimetanua kinywa, mdomo umekufa ganzi, nataka kusema "mwanangu, njoo", kinatoka kitu kama mlio wa ndama. Alipofika na tochi yake akavuta, na daraja halikutoka. Akavuta tena kwa koleo lake dogo. Ule unga uliokuwa uji ulikuwa umepenya kwenye mianya ya meno ya jirani, ukaganda humo.

"Limekamata," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Alisema akilazimisha, visiki vitavunjika. Kulikata kunahitaji mashine, mashine inahitaji umeme, na jenereta ya zahanati ilikuwa kwa fundi. Akakwangua kwa mkono alichoweza kukwangua, akaniambia nirudi umeme ukirudi.

Nje mwanangu alikuwa kwenye gari la kukodi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye msemaji wetu. Nikamwomba wifi kioo. Lile bonge lilikuwa nene, limeusukuma mdomo wa juu ukapanda, nao ulikuwa bado na ganzi. Kila nilipojaribu kufunga kinywa, haukufika. Mwanamke niliyemwona kwenye kioo alikuwa anacheka.

Wifi alinitazama akashika tama. "Makubwa! Na leo ndiyo nilitaka nikuombe usikunje uso."

Nilitaka tuahirishe. Mwanangu aliinamia usukani, na nikaona shingo yake imelegea. Walikuwa wanatungoja, wamechinja. Kutokwenda kungekuwa ndilo jibu. Nikawakataza wote wawili wasiseme habari ya meno, maana sikutaka kuingia kwa wakwe kwa habari ya meno ya plastiki, nikapanda gari.

Kilangala walitupokea vizuri. Wanaume wakabaki barazani, sisi tukaingia ndani kwa wanawake, ambako mtu hafuniki uso. Nikamwamkia bibi. "Shikamoo" yangu ilitoka na mate. Akaitikia marahaba, akaniketisha mkekani mkabala naye, akanitazama kwa utulivu mrefu. Nami namchekea. Sina namna nyingine.

Wifi akaeleza ujumbe wetu kwa maneno mazuri. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Hatukufichi, mkwe. Tumesikia kwako watu hawakai. Tumesikia mfanyakazi wa duka alikimbia akaacha kandambili zake."

Wanawake wakacheka. Ni kweli alikimbia, lakini alikimbia na vitenge vyangu, na hilo ndilo nililotaka kulisema. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikakunja uso kwa nguvu zangu zote. Nadhani mashavu yalikunjika kidogo, kikazidi kuonekana kicheko.

Akaendelea. Akauliza kama ni kweli nilimfokea muadhini kwa sababu ya kipaza sauti. Akauliza kama marehemu mume wangu alikuwa anakula kwangu au kwa dada yake. Hilo la mume liliniuma. Niliuma na mimi, nikakutana na lile bonge, maumivu yakapanda mpaka puani kwa maana ganzi ilikuwa imeanza kuondoka, machozi yakanilenga. Na bado nacheka! Niliona wanawake wanatazamana. Nilijihisi nimefungiwa ndani ya sura ya mtu mwingine, nagonga, hakuna anayesikia.

Kikaletwa chakula: jogoo wa kienyeji, mbaazi za nazi, ugali wa muhogo. Harufu yake tu ilitosha. Nikajua nikitafuna mnofu wa jogoo yule, daraja na visiki vyote vitabaki kwenye sinia. Na chakula cha wakwe hakikataliwi. Ukikataa umewadharau, au umewadhania ubaya. Wifi akaniona nimeganda, akaokoa jahazi bila kufikiri.

"Mwenzetu amefunga. Ni sunna ya Alhamisi."

Mimi, ambaye Ramadhani yenyewe naimaliza nikigombana na kila mtu! Nyuso zikalainika. Bibi akasema mashaallah, akaondoa hata kikombe cha maji kilichokuwa mbele yangu, na mimi koo limekauka kwa joto la chumba kile. Kisha akasema, "Amefunga? Basi haondoki mtu hapa mpaka afuturu kwetu."

Wifi hakunitazama tena mchana ule. Tukakaa. Kila aliyeingia kusalimia aliambiwa, "Huyo ndiye mama wa kijana, amefunga," naye akanitazama, nami nikamchekea. Kingo za plastiki zilikuwa zinanikata ufizi, nikawa nameza damu na mate. Nilifikiri: nikisema sasa, tumedanganya juu ya funga. Nisiposema, nakufa kwa kiu kwenye mkeka wa watu. Niliwachukia wote, daktari, wifi, shirika la umeme, na mwanangu aliyekwenda kupenda mbali kote huko. Magharibi ikaadhiniwa. Nikanywa uji kwa pembe ya mdomo, mwingine ukanichuruzika kidevuni, na bibi mwenyewe akanifuta kwa ncha ya kanga yake.

Kesho yake daktari alilikata lile bonge vipandevipande, akanitengenezea jingine, jepesi, akalitoa na kulirudisha mara nyingi huku nikimwangalia kwa jicho kali. Baadaye la kudumu likaja. Mdomo unafunga vizuri. Na kabla ya wiki kwisha, jibu la Kilangala nalo lilikuja: wamekubali.

Binti yuko kwangu sasa, wanakaa chumba cha uani mpaka wamalize kujenga. Ni mtoto mtaratibu, anaongea kidogo. Wiki za mwanzo nilijizuia, na kujizuia kuna mwisho wake. Siku moja nilikuta amemwaga tui zito akidhani ni maji ya kuoshea machicha. Nikafoka. Nilifoka vile ninavyofoka mimi, mpaka jirani akazima redio asikie vizuri.

Binti aligeuka. Alisimama na bakuli mkononi, ananitazama mdomo.

"Mama," alisema, "nimekukosea nini kikubwa?"

"Tui lote hilo, unaniuliza?"

"Siyo tui. Mama, bibi alikuwa na hapana yake tayari. Alikuita aitoe mbele yako. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nakuangalia. Nilikuwa naogopa kuolewa. Mama yangu mdogo aliolewa kwa mama mkwe mkali, alirudi kwetu hawezi hata kuinua macho. Nikaona wanakusema maneno yale yote, mchana kutwa, na swaumu juu, machozi yamekulenga, na bado unatuchekea kwa upole. Usiku nikamwambia bibi, nikienda popote, nakwenda kwa yule mama."

Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Nikataka kumwambia. Neno lilikuwa limeshafika: ilikuwa plastiki, mwanangu, umeme ulikatika. Lakini alikuwa ameshaacha kwao, ameshafungishwa ndoa, nguo zake ziko kwenye sanduku ndani ya nyumba yangu. Ningemwambia ili aende wapi?

Nikamwambia akalete nazi nyingine. Nilimwambia polepole, na akaniangalia, akatabasamu, akaenda mbio.

Sijamwambia mpaka leo. Kila siku nikihisi hasira inapanda, yeye huwa yupo mahali fulani, mlangoni, jikoni, anautazama mdomo wangu anangoja. Naufunga. Na wanaonijua wananiuliza dukani kama naumwa.