Nilivyomvusha Mama Mkwe Mtoni

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu sikuwa nimewahi kumtazama mama mkwe wangu usoni. Ndivyo tulivyolelewa. Nikienda kwao Likawage kusalimia, yeye huinuka akaenda uani, akaitikia "marahaba" kutoka nyuma ya ukuta, na ugali wangu huletwa na shemeji, mdogo wake mke wangu. Nilikuwa naijua sauti yake, basi.

Kwa hiyo mke wangu, akiwa na mimba yetu ya kwanza na miguu imemvimba, aliponiambia, "Nataka mama awepo," nilitamani aombe kitu kingine. Tulikuwa tunaishi Kikole. Mvua za masika zilikuwa zimeharibu barabara, na madereva wa bodaboda wote walikataa safari. Nikaenda kwa miguu, nikitegemea kwamba huko shemeji ndiye atakayemsindikiza mama yake, mimi nitatangulia.

Nilimkuta shemeji amelala na homa, hata kuketi hawezi. Baba mkwe naye mguu wake haumruhusu safari. Wazee walizungumza ndani kwa muda, kisha baba mkwe akatoka.

"Mtakwenda nyinyi wawili," akasema. "Nimeshamruhusu."

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, mimi mbele, yeye nyuma kwa mbali. Kichwani alibeba kapu, na kwapani kuku mwekundu wa kumchinjia mzazi. Tulitembea bila neno mpaka jua likapanda. Ndipo nikasikia nyuma yangu:

"Kuku wee, mwambie mwenzetu apunguze mwendo. Wengine magoti yetu ya zamani."

Nilisimama, sikugeuka. "Kuku, mwambie mama anisamehe."

"Kuku, mwambie hana kosa."

Tukaenda hivyo. Kwa mdomo wa kuku nilijulishwa pa kupumzika, na kwamba kwenye kapu kuna mihogo ya kuchemsha. Aliniwekea juu ya jani kubwa, akaenda kula yake nyuma ya mti. Baadaye njia iliingia msituni, na mahali fulani tukakuta kinyesi cha tembo, bado kibichi. Hapo kuku hakutumwa tena.

"Baba, pita kushoto, upesi," alininong'oneza, na tukapita mbiombio.

Tulilala kwa ndugu yake katika kijiji cha njiani. Usiku ilinyesha, na asubuhi tulipofika mtoni nikaona maji mengine kabisa. Nilipokuwa nakuja yalinifika magotini. Sasa yalikuwa ya kahawia, yanakwenda kasi. Nikachukua fimbo nikayapima mpaka ng'ambo: kiunoni, chini mchanga mgumu. Nikarudi kuchukua kapu na kuku, nikavivusha, kisha nikamrudia yeye. Alikuwa ameketi juu ya jiwe.

"Mimi maji siyawezi," akasema. "Mto ulitaka kunichukua nikiwa msichana."

Hakukuwa na njia nyingine, wala mtu mwingine. Nilitazama miguu yangu.

"Mama, nitakubeba mgongoni."

Nilidhani nimemvunjia heshima, na kwamba sasa atageuza njia arudi Likawage. Kisha nikamsikia akikaza kanga kiunoni.

"Chuchumaa basi. Na ukiniangusha, usiende kumsimulia mtu."

Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri. Katikati ya mto mguu wangu uliteleza, mikono yake ikanikaba shingo, na sikioni nikasikia, "Ya Latifu, ya Latifu," bila kupumzika, mpaka nikashika tena mchanga. Ng'ambo nilichuchumaa ashuke. Hakushuka. Mwili wake ulikuwa unatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Aliketi chini akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani, na mimi, kwa kujisahau, nikamtazama. Alikuwa na mwanya wa mke wangu.

Kutoka hapo tulitembea bega kwa bega.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Nini, mama?"

"Kujifungua kwake."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mke wangu. "Naogopa sana."

"Na mimi pia. Unafikiri ningekubali kutembea na mkwe porini kama siogopi?"

Akanisimulia kwamba mke wangu alizaliwa ametanguliza miguu, nyumbani, na kwamba wakunga walishamkatia tamaa yeye mama mzazi. Hakutaka binti yake ajaribiwe hivyo. Tukakubaliana njiani kwamba tukifika tu, hatungojei uchungu. Tutampeleka akakae karibu na kituo cha afya.

Mke wangu alikuwa barazani anachambua mchele tulipotokea. Alitutazama tunavyokuja pamoja, tope hadi kiunoni, huku mama yake akiniambia nisisahau kununua vitenge vya mtoto. Ungo ukabaki mikononi mwake.

"Nyinyi mmefanyana nini huko?" akauliza.

"Tumetembea," mama yake akamjibu.

Wiki ile ile tulimpeleka. Uchungu ulipomjia nilikaa nje ya wodi kwenye benchi, na mchana kutwa mama mkwe alikuwa akitoka kila mara kunieleza hali inavyokwenda. Mara ya mwisho alitoka na kitenge kipya mikononi. Alifunua ukingo wake kidogo, akaketi kando yangu kwenye benchi ili nione vizuri.

"Ni wa kike," akasema. "Na mama yake anakuita."