Mtambo wa Joto na Bi Mkubwa wa Kibokoni

Nikiwaambia watu kwamba kazi yangu ni kutengeneza mitambo ya kuwapa watoto wachanga joto, hucheka kwanza. Joto, Mombasa? Mji ambao mtu aoga mara tatu kwa siku na bado shati limemganda mgongoni? Lakini mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hupoa upesi, hata hapa. Nilipoanza kazi hospitalini tulikuwa na sanduku la mbao tu, tulilochongewa na seremala wa mtaa wa Kuze, lenye balbu nne ndani. Balbu ikiungua, nilikimbia dukani.

Baadaye tukaletewa mtambo wa kisasa: kitanda kilicho wazi, kipasha joto juu yake, na waya mwembamba unaobandikwa tumboni mwa mtoto. Ngozi ikipoa, mtambo huongeza joto wenyewe, na ikizidi kupoa hulia.

Wiki ya kwanza tu ukaanza kupiga kelele. Nikaitwa wodini, nikaufungua, nikapima nyaya zote, sikuona kasoro. Ukanyamaza. Nikifika mlangoni, mtambo walia tena. Ikawa hivyo mara tatu, na muuguzi akaanza kunitazama kama mtu aliyejifunzia ufundi kwenye redio mbovu.

Mara ya nne nikajibanza nyuma ya pazia. Nyanyake mtoto aliyelazwa humo, bi mkubwa wa mtaa wa Kibokoni, akatazama huku na huku, akatoa kanga mkobani, akamfunika mjukuu wake gubigubi.

Nikajitokeza, nikamwamkia kwa adabu. Hakuona haya hata chembe.

"Mwanangu," akaniambia, "mtoto wa kike mwamlaza uchi, kisha mwambanika kama mshikaki. Nami niketi nitazame?"

Nikamweleza kuwa joto lile hushuka kama la jua, na kanga ni kivuli: mtoto alikuwa akipoa chini yake, ndipo mtambo ukalia, na kila alipoiondoa aliponiona naja, ukanyamaza. Nikamwomba aweke mkono juu ya kanga, kisha chini yake. Akajaribu, akamfunua mjukuu.

"Ungesema tangu mwanzo kuwa ni jua," akasema, akiikunja kanga yake.

Siku mbili baadaye nilimkuta akimkanya nyanya mwingine aliyekuja na shali. Alimpa maelezo yangu yote, akaongeza na yake, akamwambia ameyapata kwa daktari. Kisha akaninyoshea kidole. Sikumsahihisha.

Mjukuu alinenepa, akaruhusiwa kwenda nyumbani.