Kuni Juu ya Kichanja cha Kahawa

Mama mkwe wangu hapendi kukaa sebuleni. Mkaribishe kwenye kochi, atakaa kidogo kwa heshima tu, kisha utamkuta jikoni kwangu juu ya kigoda, miguu ameinyooshea jiko. Baridi ya huku Mbozi anaijua yeye, na jikoni ndiko kwenye maneno. Nami nampenda hivyo hivyo, maana tangu aje kwetu sijapika peke yangu.

Shida ilikuwa kifua. Kipupwe kile alikohoa mpaka akalazwa, na daktari akatuonya kuhusu moshi. Shemeji yangu wa Tunduma akaja juu. Kwake wanapikia gesi, nyumba ina vigae, ila kutwa nzima hakuna mtu. Akatuambia, "Mvua zikianza nakuja kuangalia. Nikikuta jiko linafuka, mama naondoka naye." Kule mama alishawahi kukaa, akarudi amekonda kwa kukosa wa kuongea naye.

Jiko letu ni banifu, la matofali, lina bomba la kutoa moshi nje. Lakini jiko halifanyi miujiza. Ulipe ukuni mbichi uone: utatoa povu nchani, utalia kama unaonewa, na moshi utarudi kukutafuta machoni. Basi mwaka ule nikaapa kuni zangu zitakauka, wanaocheka wacheke. Tulikata mikaratusi, tukaipasua, na kahawa ilipokwisha kukauka nikazipanga kuni juu ya vichanja vile vile vya wavu tulivyoanikia kahawa. Zipate jua juu, upepo upite chini.

Asubuhi nilikuwa nakwenda shamba, narudi jioni. Siku moja nikawahi kurudi mchana, jua linachoma kweli kweli. Naingia uani, kuni zimefunikwa! Turubai limenyooshwa vizuri, limewekewa na mawe pembeni. Mume wangu amekaa kivulini, ameridhika.

"Baba, hizi nani kafunika?"

"Mimi. Jua la saa sita hili, si zitapasuka?"

"Umefunika leo tu?"

"Kila siku, jua likipoa nafunua. Nikaona nikusaidie."

Jamani! Kahawa ndiyo hufunikwa mchana, ganda lisipasuke ikashuka daraja. Huyu kalelewa na kahawa, kazeeka nayo, akiona kitu juu ya kichanja mkono wake unakwenda wenyewe kwenye turubai. Nikagonganisha kuni mbili, zikatoa mlio mzito wa ubichi. Hasira zilinipanda. Kisha nikamwona alivyosimama na kona ya turubai mkononi, nikacheka mpaka nikakaa chini. "Haya baba, kuni zetu tunazipeleka mnadani lini?"

Mama akatoka jikoni, tukamweleza. Yeye hakucheka. Alitazama mawingu yaliyoanza kujikusanya, akamwambia mwanawe, "Baba, wewe ndiye unanipeleka Tunduma."

Mume wangu alichukua shoka. Kila ukuni akaupasua tena, akazipanga kwa kupishanisha, akawa anazigeuza jua likihama, na wingu likitanda anakimbia nazo chini ya paa. Zilizobaki na unyevu tukazipandisha uchagani juu ya jiko, zimaliziwe na joto. Nyufa zilipoanza kutokea nchani alikuwa ananiita nije nione, ufa kwa ufa, hata kama nina unga mikononi. Nilikuwa naenda. Raha yake ilikuwa inaniambukiza.

Mvua ikaja, na shemeji akaja nyuma yake, viatu vimejaa tope. Hakupita sebuleni. Aliingia moja kwa moja jikoni, macho ameshayabana tayari kuwashwa. Moto ulikuwa unawaka safi, maharage yanachemka. Akaangalia paa, akainama mpaka kwenye mdomo wa jiko, akanusa. Mimi na mume wangu tulisimama kama watuhumiwa. Sijui kwa nini, nilimshika mkono mbele ya ndugu yake.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake, mikono magotini. Akamtazama mwanawe wa Tunduma, akavuta pumzi ndefu kwa makusudi, mabega yakapanda, akaishusha pole pole mpaka ikaisha. Hakukohoa.

"Umesikia?" akamuuliza. "Sasa kaa ule, mwanangu, halafu uwahi gari."