Robo Kilo ya Mbuzi Kwenye Mkahawa wa Mama Hansa

Aibu niliyoipata Jumapili ile siwezi kumwombea hata adui yangu, na kama ingekuwa aibu tu ningenyamaza nikaimeza, lakini kinachoniuma ni kwamba habari yenyewe imeshasimuliwa Juba nzima na watu wengine, tena imesimuliwa nusu, ile nusu yenye mimi peke yangu. Pale sokoni Custom kuna wauza nyanya ambao hata jina langu hawalijui, wakiniona napita wananiita Koti Choma. Mimi Wafula, fundi wa jenereta, mtu mzima mwenye mke na watoto Kitale! Basi leo kaeni mnisikilize mpaka mwisho, halafu mniambie mwenye makosa ni nani. (Makosa ninayo, sikatai. Lakini si yote.)

Yote yalianza na Nakato. Nakato ni Mganda, anauza mboga Custom chini ya mwavuli, na ndiye aliyenitafutia nyumba Nyakuron nilipofika Juba nikiwa sijui hata pa kununua maji. Binti yake wa miaka tisa, Patience, alikuwa amemwacha Masaka kwa nyanyake tangu akiwa hajui kutembea vizuri, na kila siku wimbo wa Nakato ulikuwa mmoja: akipata mteja wa kudumu, anamleta mtoto wake. Mara nyingine unamkuta jioni anatupa sukumawiki iliyonyauka na machozi yanamtoka, anasema ni jua. Sisi tulijua si jua.

Sasa mteja akapatikana. Kuna mama mmoja Mhindi, Mama Hansa, mzaliwa wa Kisumu (Kiswahili anachoongea kinanishinda hata mimi), ana mkahawa wa mboga tupu mtaa wa Hai Amarat. Hapo mlangoni ameandika kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili: hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna mayai. Hiyo ni dini yake, si mchezo. Aliyekuwa akimletea mboga zamani alifukuzwa kwa sababu siku moja alipakia mchicha kwenye boda, kapu moja na samaki. Kwa hiyo Nakato aliapa mbele yake kwamba mboga zake hazitakaribiana na nyama hata kwa bahati mbaya, akapeleka za kujaribiwa wiki mbili, na mama akafurahi, akamwambia njoo Jumapili baada ya kanisa na rafiki zako wawili, mle mboga zenu nilivyozipika, halafu nitakupa jibu.

Rafiki wawili ni mimi na Ladu. Ladu ni mtu wa hapa hapa Juba, lakini vita vilimpeleka Eldoret akalelewa huko, sasa ni dereva wa shirika fulani, na kazi yake ya pili ni kula. Nakato alitushika mikono kanisani, akatuambia, "Mimi iko nawaomba. Leo hapana leta mchezo. Huyu mama iko na macho."

Tukakubali, mimi nikiwa wa kwanza kukubali.

Lakini jamani, hebu niulizeni mimi ni mtu wa namna gani. Siku sita za wiki niko chini ya majenereta ya watu, napumua moshi, nakula maharage kwenye bakuli la plastiki. Jumapili ndiyo siku yangu ya nyama. Na hiyo Jumapili nimeketi peke yangu kwenye boda kutoka kanisani, wenzangu wametangulia na boda yao, nimevaa suti yangu ya rangi ya maziwa niliyoitoa kwenye mitumba ya Gikomba, ile moja tu niliyo nayo, tunapita Custom, na moshi wa nyama choma ukanipiga usoni. Nikafikiria majani ninayoenda kulishwa. Nikasema, "Boda, simama hapo kidogo." Hayo maneno manne, wallahi, natamani ningekuwa nimeumwa na jino siku hiyo nisiweze kuyatamka. Nikanunua robo kilo ya mbavu za mbuzi, zikafungwa kwa karatasi ya kaki, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaiweka mfuko wa ndani wa koti. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikitoka huko na njaa, nitakula nikifika nyumbani. Sikuwa na nia ya kuila pale. Naapa. (Wala sikujua ule mfuko wa nailoni ulikuwa umetoboka.)

Tukapokelewa vizuri sana. Mama Hansa mwenyewe alikuja mezani na sari yake ya kijani, akatuletea dengu, bamia, biringani za kuchoma, chapati zinazotoa moshi, na bakuli moja la mchuzi mwekundu wenye vipande vya mraba, vyeupe. Mimi nikaona vile vipande nikajua Mungu amenikumbuka, nikatupia mdomoni kimoja kikubwa. Kumbe ni jibini! Jibini limejikata vipande na kujiingiza kwenye mchuzi likijifanya nyama! Mpaka leo sijasamehe. Ladu alinitazama nikitafuna akacheka mpaka akapaliwa.

Basi Ladu, katika kucheka, akainama upande wangu, na hapo pua yake ikafanya kazi. "Msee," akaninong'oneza, "wewe unanuka choma." Nikamwambia nyamaza. Akasema, "Nipe kipande kimoja, wallahi, kimoja tu, la sivyo naongea." Sasa nyinyi mngefanya nini? Nikatoa chini ya meza, nikampa. Akarudi. Nikampa cha pili, na cha tatu. Nakato akaona mikono yetu inavyotembea, akainua kitambaa cha meza, akaona. Uso wake ulibadilika rangi.

"Wafula," akasema kwa sauti ya chini, "weye nataka kuniua?"

Nikamwambia ninairudisha mfukoni sasa hivi, na kweli nilikuwa naifunga. Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengine wanaposimulia wanaruka. Nakato alitazama jikoni, akatazama ile karatasi, akameza mate, akasema, "Hapana. Ikikaa, mama atasikia harufu. Heri tumalize upesi, iishe." Eti tumalize iishe! Akachukua ubavu mmoja akaufunga ndani ya chapati, akaula akiwa amefumba macho, kisha akachukua wa pili. Wa pili! Mimi mwenye nyama nilikuwa bado sijaonja hata kimoja.

Mara feni zikasimama. Jenereta imezima. Joto la Juba mnalijua, si la kusubiri, dakika mbili tu shati limeshashikamana na mgongo. Mama Hansa akatoka jikoni anapangusa mikono, mimi nikasukuma zile mbavu zilizobaki mfukoni bila hata kuzifunga, na Nakato, ili kumpendeza mama, akasimama akasema kwa sauti kubwa, "Mama, hapana shida! Huyu Wafula iko fundi wa jenereta, mahoteli zote za Amarat zinamwita."

Nilitamani kumfinya.

"Kweli?" Mama Hansa akafurahi. "Asante sana, fundi. Iko nyuma, tupite jikoni. Lakini vua koti bwana, suti nzuri hivyo itaharibika."

Nikasema niko sawa.

"Vua, vua, mimi nitakushikia." Akanyoosha mkono kabisa, karibu ashike kola.

"Hapana mama, nasikia baridi."

Baridi! Juba! Saa nane mchana! Jasho linanitoka kwenye nyusi linaingia machoni, na mimi nasema nasikia baridi. Ladu akageuza uso ukutani, mabega yakawa yanamtikisika. Na kwa vile uongo ukishaanza hauna mahali pa kuegesha, nikaongeza, "Nadhani ni malaria, mama." Masikini yule mama akanishika paji la uso kwa kiganja chake kama mamangu, akasema unachemka kweli mtoto wangu, acha jenereta, kaa chini, nikupikie chai ya tangawizi. Nikamwambia hapana, kwanza jenereta, maana nilichotaka ni kufika nje haraka niutupe ule mzigo nje ya ukuta.

Kuingia jikoni lazima uvue viatu. Na pembeni ya ule mlango, kwenye rafu ndogo, ndipo anaposali, kuna picha, maua na udi unaofuka, na chini yake kulikuwa na makapu manne ya mboga za Nakato zimepangwa vizuri. Nikainama kufungua kamba za viatu.

Ilianguka yote. Karatasi ilipasuka, mbavu zikatawanyika sakafuni, mafuta yakaacha alama juu ya vigae vilivyong'aa, na ubavu mmoja, ule mkubwa niliokuwa nimejiwekea, ukaruka ukaangukia katikati ya kapu la bamia. Nilibaki nimeinama.

Mama Hansa aliziba mdomo kwa pindo la sari. Kisha akauliza, "Hiyo ni nini?"

"Ni chakula changu, mama."

"Nyama?"

"Ya mbuzi," nikasema, nikidhani labda mbuzi ana nafuu.

Wale wawili walikuwa wameshafika mlangoni. Na hapa, jamani, damu yangu inachemka hata sasa ninapoongea. Nakato akaweka mikono kichwani akapiga kelele, "Banange! Wafula! Weye iko mtu gani?" Mafuta ya mbuzi wangu yanang'aa kwenye kidevu chake! Na Ladu, bila kuulizwa na mtu, akasema, "Malesh, mama, pole. Sisi hata hatukujua." Hatukujua! Vipande vitatu viko tumboni mwake, nilihesabu, na ulimi wake haukukwama hata kidogo.

Nilisimama nikiwa na hasira nisiyowahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimwambie mama aangalie kidevu cha huyu dada, anuse mikono ya huyu dereva, halafu aamue. Mama Hansa naye akanigeukia, akaniuliza mimi, si wao, "Ni kweli? Hawa hawakujua?"

Nikamtazama Nakato. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa vidole vyote, midomo inasogea bila sauti, na nikaona anasema jina la mtoto. Patience, Patience. Hakuwa ananiomba hata. Alikuwa kama mtu anayeaga.

Nikasema, "Hawakujua, mama. Ni mimi peke yangu."

Mama Hansa akaniambia niokote kila kitu kwa mkono wangu, nami nikaokota, nikipiga magoti, mpaka vipande vidogo. Kapu lote la bamia likatolewa nje likatupwa. Sakafu ikaoshwa mara tatu. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Jenereta bado haijawaka." Nikazunguka kwa nje kama mwizi, nikavua koti hatimaye (ubavuni pana doa ukubwa wa sahani, mpaka leo halijatoka), nikakuta ni chujio la dizeli limeziba uchafu tu, nikalisafisha, ikawaka. Nilipokuwa nafunga skrubu ya mwisho, mlango wa nyuma ukafunguka, mama akaniwekea kikombe juu ya ngazi.

"Chai yako," akasema. "Ya malaria."

Hakucheka. Wala hakukasirika tena. Angenitukana ningepona, kwa sababu matusi ningeyajibu, lakini chai haijibiwi, nikainywa yote ikiwa moto, halafu nikatoka kwa geti la nyuma na koti begani. Ndani nilisikia feni zinazunguka na Ladu anaomba chapati nyingine.

Nakato alipata kazi. Kila asubuhi anapeleka makapu sita Amarat. Mimi siruhusiwi kuyagusa, hata kusaidia kupandisha kwenye boda siruhusiwi, hilo ni sharti la mama, na Nakato analifuata kwa bidii ambayo naona imezidi. Kuniomba msamaha aliniomba, ndiyo, mara moja, akilia, tukiwa wawili tu. Lakini watu wanapomuuliza pale Custom ilikuwaje, yeye anasimulia nilivyosema nasikia baridi, na kila mtu anaangua kicheko, na ubavu uliofungwa ndani ya chapati hautajwi.

Juzi nilipita pale kwake, nikamkuta msichana mwembamba mwenye gauni la njano amekaa juu ya debe, anapanga nyanya. Nakato akamwambia, "Patience, salimia mjomba Wafula." Mtoto akapiga magoti akanisalimia vizuri, kama wanavyofundishwa kwao, halafu akaniangalia kwa macho makubwa akauliza, "Ndiyo weye mjomba uliingiza nyama kwa Mama Hansa? Mama anasema kwa ajili yako, kidogo mimi nisikuje."

Nakato akainamia sukumawiki zake, akawa anazihesabu.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Ukweli wote ulikuwa pale kwenye ulimi, ubavu wa kwanza na wa pili, na huyo mama yake amefumba macho kwa utamu. Nikamtazama mtoto, mikono yake imejaa nyanya, yuko kwa mama yake, baada ya miaka yote ile.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Ni mimi."

Tangu siku hiyo nimeapa, na Mungu ananisikia: nyama yangu nitaila peke yangu, nyumbani kwangu, nimefunga mlango.