Mti wa Lango la Pili

Mpango wa usalama niliuandika mimi, na ulikuwa mzuri kusoma. Hilo ndilo huniuma zaidi. Kulikuwa na sentensi moja niliyoipenda mno: "Lango la pili litabaki wazi kama kiganja kinachompokea mgeni." Afisa wa polisi aliyepokea mpango huo pamoja na barua yetu ya kuomba kibali aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Kijana, hii ni barua ama ni wimbo?" Akacheka, akapiga muhuri.

Tulikuwa kikundi cha waandishi na wapenzi wa vitabu, wengine wa Kitale, wengine wa Bungoma, na mwaka ule tuliamua kufanya tamasha la hadithi katika uwanja wa shule moja ya msingi pembeni mwa mji wa Bungoma. Vikao vilifanyika Kitale, chumba cha nyuma cha hoteli moja ya chai na mandazi. Tulibishana kuhusu jukwaa, mahema, kwaya za shule, nani atangulie kusoma. Usalama tuliuweka mwisho wa ajenda, pale ambapo watu huanza kutafuta makoti yao.

Aliyetukatalia makoti alikuwa muuguzi mstaafu kutoka Saboti, mama aliyezaliwa katika mojawapo ya zile familia zilizohama zamani kutoka upande wa kati wa nchi zikaja kulima huku. Hakuwa ameandika hata shairi moja. Alikuja vikaoni kwa sababu alipenda kusoma.

"Huo uwanja uko na malango mangapi?" akauliza.

"Mawili, mama."

"Yote yanafunguka?"

Hakuna aliyejua. Juma lililofuata alitupeleka Bungoma yeye mwenyewe, akaupima uwanja kwa hatua, viatu vyake vya mpira vikizama kwenye nyasi. Lango la kwanza lilikuwa pana, la barabarani. La pili lilikuwa dogo, nyuma ya jiko la shule, bawaba zake zimeshikwa na kutu. Alitoa chupa ya mafuta mkobani, akazipaka, akalifungua na kulifunga mpaka likaacha kulia.

"Mvua ya huku mnaijua," alisema. "Ikija, watu hawatatembea, watakimbia, na watakimbilia mahali waliingilia. Sisi tuwape mahali pengine. Na hapa asimame mtu mmoja. Kazi yake ni kusimama tu. Asibebe viti, asisalimie wakubwa, asile."

"Si hiyo ni kazi ya mti?" mmoja wetu akasema, tukacheka.

Mama muuguzi akanitazama mimi, kwa sababu nilicheka zaidi. "Basi wewe ndiye mti."

Siku chache kabla ya tamasha nilikwenda Myanga kumwalika shangazi yangu. Kwetu shangazi ni senge, na huyu ndiye aliyenilea. Aliuza maharagwe na njugu sokoni, na hapakuwa na harusi wala ibada ya shukrani ambapo wanawake hawakumsukuma mbele aongoze wimbo. Alicheza kwa mabega. Mabega yale yalitikisika kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka, huku uso wake umetulia kabisa, kana kwamba mabega ni ya mtu mwingine. Hadithi ya kwanza niliyowahi kuandika ilimhusu yeye.

"Senge, mvua ikianza usifuate watu," nilimwambia. "Pitia lango la pili, nyuma ya jiko. Mimi nitakuwa hapo."

"Wewe ndiye askari wa lango?"

"Ndiyo."

"Na hiyo miguu ya kunguru? Haya, nitakuja. Na nisipokuona hapo nitakuita jina lako la utotoni mbele ya hao waandishi wako, ujue."

Alikuja na wanawake sita wa sokoni, wamevaa vitambaa vya rangi moja. Uwanja ulijaa kuliko tulivyotarajia. Watu walikalia hata matofali. Mimi nilisimama langoni tangu asubuhi, na naweza kusema bila kujisifu kwamba kwa saa kadhaa nilikuwa mti mzuri.

Kisha mgeni wa heshima akafika, amechelewa. Alikuwa mwandishi mzee kutoka Nairobi, mtu ambaye kwa barua moja tu angeweza kumfungulia kijana kama mimi mlango wa mchapishaji. Nilikuwa na muswada wa riwaya yangu ya kwanza ndani ya shati, nimeubana kwa mkanda. Mbele kulijaa, kwa hiyo dereva wake alizunguka nyuma, akasimamisha gari kubwa jeusi mbele yangu, pua langoni.

"Niaje, bosi," akasema. "Mzee ana shida ya goti, hawezi kutembea mbali. Niache gari hapa?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu. Lakini mzee alikuwa ameshateremsha kioo na kunitabasamia, na mimi nikasema, "Wacha tu hapo. Dakika kumi." Nikamwonyesha dereva alisogeze kidogo zaidi, lizibe lango vizuri, watoto wasipenye. Nikamshika mzee mkono, nikampeleka jukwaani, na njiani nikampa muswada.

Niliporudi, wingu lilikuwa limeshuka kutoka upande wa mlima, na dereva hakuwepo. Nikamkuta kwenye hema la wapishi, ameketi, kuku mzima mbele yake, mikono yake kwenye ugali. Kwetu mgeni akishatengewa kuku hasumbuliwi mpaka anawe mikono. Nikamwambia mama wa jikoni kwamba gari lazima litoke.

"Ngoja amalize, bana," akanijibu. "Utamtoa mgeni kwa kuku ati kwa sababu ya wingu? Watu watasema Bungoma tulimnyima."

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kuomba ufunguo. Nilisimama pale nikiona haya, nikimtazama dereva akichambua paja polepole, nikiwaza mzee atasemaje akisikia dereva wake alivutwa kutoka kwenye sahani. Nilitaka sana anikumbuke kama kijana mwenye adabu.

Mvua ilipiga kwa mkupuo mmoja. Watu wengi walikimbilia lango la barabarani. Lakini senge yangu alikuwa amenisikia. Aliwaambia wenzake, "Nifuateni, huku kuna njia," na waliowaona wakienda kwa uhakika namna ile wakawafuata pia. Alifika langoni wa kwanza. Akakuta gari. Akageuka kuwaambia walio nyuma kwamba hakuna njia, na walio nyuma, vichwa vimeinamia mvua, hawakusikia kitu, wakazidi kusukuma.

Nilisikia filimbi ya mama muuguzi, mara tatu, ndefu. Dereva alikuja mbio, mafuta yangali vidoleni, akaliondoa gari. Labda haikuchukua hata muda wa kusoma ukurasa mmoja. Hakuna aliyekufa siku ile, na kwa hilo namshukuru Mungu kila ninapokumbuka. Lakini senge alikuwa chini kando ya ua, kwenye matope, na nyonga yake ilikuwa imevunjika. Hakuniita kwa jina lolote.

Mama muuguzi alipiga magoti karibu naye, akamfunika kwa koti lake. Aliinua uso mara moja tu. "Mti ulienda wapi?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Muswada wangu niliukuta jioni kwenye meza ya jukwaa, umelowa, kurasa zimeshikana. Mzee aliusahau. Sijawahi kumwandikia.

Senge sasa anatembea kwa mkongojo. Nafasi yake sokoni ilichukuliwa. Anauza kidogo kidogo mlangoni kwake. Kanisani wimbo ukianza, mabega huanza, halafu nyonga humkumbusha, nayo yanatulia. Watu husema mvua ya siku ile ilikuwa mbaya. Nami kwa muda mrefu niliiacha mvua ibebe lawama.

Mwaka huu kikundi kimeamua kufanya tamasha tena. Kabla ya kikao cha kwanza nilikwenda Myanga, nikamkuta akichagua maharagwe kwenye ungo. Nilimwambia kila kitu: dereva, dakika kumi, muswada, kuku. Aliendelea kutupa mawe madogo nje.

"Nilikuona," akasema hatimaye.

"Uliniona?"

"Ukimwonyesha dereva mahali. Tulikuwa tumeketi pale kando. Nikawaambia wenzangu, muoneni yule, hata magari ya wakubwa yanamsikiliza. Yule ni wetu. Nikajua mvua ikija, gari utakuwa umeliondoa." Akapepeta ungo. "Nilifurahi sana."

Akauweka ungo magotini.

"Mwaka huu utasimama wapi?"

"Hapo hapo. Kama watanikubali."

"Na mgeni akija?"

"Atatembea, senge."

"Hata akiwa na goti?"

"Tutambeba."

Aliangalia mkongojo wake uliokuwa umeegemea ukuta, kisha akaniangalia mimi. "Na mimi," akasema, "nani atanibeba kunileta?"

Nilisema nitamleta mimi, halafu nikakumbuka kwamba kuanzia asubuhi nitakuwa langoni. Nilipofungua mdomo kueleza, alikuwa ameshaelewa, ameinamia maharagwe yake tena.