Siku Niliyozima Stima Nikiwa Nimeshika Maikrofoni

Mimi hadi leo nikipita Karurumo najifunika uso kwa leso, na nyinyi mkitaka kucheka chekeni tu, lakini mjue hiyo aibu niliitafuta mwenyewe, nikaipata kwa sahihi yangu.

Kazi yangu mnaijua, ni kupanga stima: laini gani izimwe itengenezwe, mashine gani ya bwawani ipumzishwe, na kabla sijakubali lolote lazima nijiulize, je, kitu kingine kimoja kikiharibika ghafla, vilivyobaki vitabeba watu wote? Kama jibu ni hapana, huzimi kitu. Sheria ni hiyo tu, hata mtoto wa shule anaielewa.

Sasa wiki hiyo mashine moja ya bwawani ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo, na mafundi wakaniomba wazime laini moja kati ya mbili zinazoleta stima huku kwetu, wakate miti na kubadilisha vile vikombe vya nguzoni vinavyoshika waya, vilikuwa vimepasuka. Jibu lilikuwa hapana. Lakini mchana huo huo chifu alikuwa ameniita kwa baraza pale Karurumo, watu wamechoka na giza, na mimi (kiburi ni kitu kibaya jamani) nilitaka nisimame mbele yao niseme kazi imefanyika, si itafanyika. Nikajiambia asubuhi matumizi ni kidogo, kufikia adhuhuri laini itakuwa imerudi. Nikatia sahihi.

Mvua ikanyesha, mafundi wakajikinga ndani ya gari, adhuhuri ikapita laini bado iko chini, na mimi badala ya kuwapigia nilikuwa najifunga kitambaa cha kichwa.

Baraza lilihamia ndani ya kanisa sababu ya mvua. Nikapewa maikrofoni, nikawaeleza kwa madaha vile tunavyopanga, kwamba siku hizi laini moja ikianguka nyingine inashika na hakuna mtu atajua. "Kwa hivyo mambo ya kukaa giza," nikasema, "sasa msaha..." na maikrofoni ikakatika. Watu wakacheka. Nikaigonga, nikaipuliza, nikamlaumu mwenye spika kwamba waya zake ni mbovu. Halafu nikasikia kinu cha kusaga posho ng'ambo ya barabara kikinyamaza, nikajua si waya.

Simu ikalia. Ni Mutugi, wa chumba cha kuongoza mitambo, na kwa vile mvua ilikuwa inapiga mabati nikaweka sauti ya juu ili nisikie (hapo ndipo nilijimaliza).

"Injinia, ile laini iliyobaki imeanguka! Mashine zikalemewa, zikajitoa moja moja. Embu yote hakuna kitu, Meru hakuna kitu mpaka Kangeta."

"Nani alikubali ile ingine izimwe?" nikauliza kwa ukali, kama mtu asiyejua.

"Si ni wewe, Injinia?"

Kanisa zima lilisikia. Afadhali wangenizomea, lakini waligeuka tu wakaniangalia.

Ndipo akasimama Mama Wanja, mjane anayeangua vifaranga kwa mashine hapo sokoni. "Mwanangu, mayai yangu yanatoa vifaranga leo, na hii baridi. Niende niwashe jiko la makaa, ama stima inarudi sasa hivi?"

Sikujua. Lakini macho yalikuwa mengi, na nilikuwa natafuta hata kaheshima kadogo ka kuondoka nako. "Ni dakika chache tu, mama. Usijisumbue."

Aliniamini, akaketi.

Stima ilirudi usiku. Kesho yake nilienda kwake, nikakuta vifaranga wengine wametoboa ganda, wametoa mdomo nje, wakafia hapo hapo. Nilianza kuomba msamaha kwa maneno mengi ya laini na mashine, yeye anafagia maganda bila kuinua kichwa.

"Stima kupotea tumezoea," akasema. "Lakini ungeniambia tu hujui. Makaa nilikuwa nayo."

Ofisini waliniadhibu, na ni haki yao, na sijawahi tena kuzima laini mashine ikiwa chini. Lakini kile kiapo nilichojiapia mwenyewe ni kingine. Siku hizi mtu akiniuliza stima itarudi saa ngapi nami sijui, namwambia sijui, hata kama ni mbele ya watu mia. Wanaguna, wanasema huyu ni injinia gani. Waache wagune.